Figo Si Mtu

Baada ya kubishana majuma kadhaa, ukoo wa mume wangu ulikata shauri kwamba figo si mtu.

Habari hiyo aliniletea mume wangu mwenyewe, Lusajo, akanikuta nje ya maabara nakula ndizi za kuchemsha. Mvua ya Rungwe ilikuwa inachuruzika kwenye koti lake na hakutaka kukaa.

"Wazee wamekubali," alisema. "Figo si mtu. Unaruhusiwa kuiona kwenye kioo cha mtambo."

"Hayo wameyasomea chuo gani?"

"Mama Ipyana, usianze."

Sikuanza mimi, walianza wao. Katika ukoo wa Mwaikenda mke wa mtoto hamwoni baba mkwe, hamshiki, haongei naye ila kwa kupitia mtu mwingine, na jina lake halitamki hata akiwa peke yake jikoni. Mwiko huo ulikuwa umekufa zamani. Baba mkwe wangu aliufufua siku nilipoingizwa nyumbani kwake, mimi Nakijwa, Mpare kutoka Same, mwanamke anayelipwa kuchana watu matumbo. Tangu siku hiyo nikifika, yeye huhamia chumba cha nyuma na kunisema kwa sauti kubwa kupitia ukuta. "Mwambieni huyo mboga haina chumvi." Sijui kama ni mila au ni chuki. Nadhani ni vyote viwili, na alivifurahia.

Sasa mzee alikuwa na uvimbe kwenye figo ya kulia, na wa kuutoa katika kanda nzima nilikuwa mimi.

"Majuma yote haya mmekaa mnajadili kama figo ni mtu," nilimwambia Lusajo. "Uvimbe haukuwa kwenye kikao. Wenyewe ulikuwa unakua."

"Baba ameshatoa kauli yake. Umeisikia?"

Nilikuwa nimeisikia. Siku hizi mgonjwa yeyote, kabla hajalazwa usingizi, anaongea na mtambo wa upasuaji ana kwa ana. Anayoyasema yanaitwa kauli, na mtambo huyatii kuliko unavyomtii daktari. Ukisema usikatwe mguu, kabati la misumeno halifunguki. Kauli ya mzee ilikuwa fupi. "Matundu tu. Mke wa Lusajo akae upande wa pili wa ukuta. Aone figo, asione kingine. Asinishike. Hata nikifa, asinishike."

"Hata nikifa," nilirudia. "Baba yako ana jeuri."

"Ni mwili wake," Lusajo alisema, akaondoka zake. Mume wangu ni hodari wa kusema jambo la kweli kisha kukimbia.

*

Nisieleweke vibaya kuhusu matundu. Nimeyafanya maisha yangu yote na nayapenda. Mtambo unatoboa ngozi sehemu tatu, unajaza tumbo gesi ili liinuke, unaingiza kamera na mikono miwili myembamba, nami naiendesha nikiwa nimekaa chumba kingine na kikombe cha chai pembeni. Uvimbe uliotulia ndani ya figo yake hutoka hivyo vizuri kuliko kwa kisu. Damu inamwagika kidogo, na mgonjwa anaamka akidai uji. Kupasua wazi ni jeraha refu chini ya mbavu, na kukohoa kwa mwezi mzima ukiwa umekumbatia mto. Kuhusu saratani yenyewe, haijali imetolewa kwa mlango gani, mradi imetoka yote.

Ila kuna uvimbe wenye tabia ya kutambaa. Unaingia kwenye mshipa wa figo, unatoa ulimi, ulimi unaufuata mshipa mkubwa unaopanda kwenda moyoni. Wa namna hiyo unataka tumbo lililo wazi na vidole vya mtu. Ilipopita Sheria ya Jeraha Dogo, walioitunga walipiga makofi na kuwasahau wagonjwa hao. Kumpasua mtu wazi kukawa kunataka kibali cha kisu, vijana wakaacha kujifunza, na wenye kibali tukapungua hadi nikabaki peke yangu. Mwenzangu wa mwisho, mzee mmoja wa Tabora, alisalimisha chake mikono ilipoanza kutetemeka.

Kwa hiyo asubuhi ya upasuaji nilitaka kuuona mshipa. Nikapewa picha ya figo imeelea peke yake kwenye weusi, imekatwa kingo zote kama picha ya pasipoti.

Nilimfuata mganga mkuu, Dokta Fumbuka, ofisini kwake. Fumbuka ni mtu wa mitambo. Hajawahi kuingiza mkono ndani ya binadamu na huona fahari kulisema hilo.

"Hii ni nini?"

"Picha ya mgonjwa wako."

"Hiki ni kipande cha picha. Mshipa uko wapi?"

"Mshipa si figo," alisema, bila hata kucheka. "Kauli inasema uone figo, usione kingine. Nikikuonyesha mshipa, kesho watasema nimekuonyesha mkwe mzima. Tulia, Dokta. Sehemu iliyobaki imesomwa."

"Na nani?"

"Na mtambo. Ungekuwa na tatizo, ungesema."

"Weka jina lako kwamba mshipa ni safi, niingie."

Aliweka, kwa madaha, huku akinitazama kama mtoto msumbufu. Nikaingia.

*

Chumba changu na chumba cha upasuaji vinatenganishwa na ukuta wenye mlango mmoja wa vioo vyeusi. Upande wa pili alikuwepo Kisa, mtaalamu wa usingizi, mzaliwa wa hapa hapa. Sauti yake ilinifikia kwenye spika.

"Mzee amelala, Dokta. Yuko ubavu wa kushoto. Presha nzuri."

Nilianza. Figo ilikuwa mbele yangu kwenye kioo, kubwa na ya kung'aa, na uvimbe umekaa juu yake kama kiazi. Sikuona kingine chochote, maana mtambo ulikuwa unatia weusi kila kilichokuwa nje ya figo. Nilifanya kazi kwenye dirisha dogo kama mtu anayepika huku sufuria imefunikwa. Ateri niliibana vizuri na kuikata. Kisha mshipa wa figo ukaingia pembeni ya dirisha, mnene kuliko unavyopaswa kuwa. Sikuupenda, ingawa kibano cha pili kilikuwa kimeshaanza kuufunga.

"Nionyeshe mshipa mkubwa," niliuambia mtambo.

"Hairuhusiwi na kauli."

"Basi niambie aliyeusoma alisema nini."

"Haujasomwa. Kusoma nje ya figo hakuruhusiwi na kauli."

Ndipo nikaelewa. Ukoo ulidhani hospitali imeona, Fumbuka alidhani mtambo umeona, na mtambo ulikuwa umekatazwa kuona. Nilitoa amri kibano kiachie. Kilikuwa kimeshauma. Kilikuwa kimefunga juu ya ulimi wa uvimbe badala ya mshipa mtupu, na kilipolegea, ukuta wa mshipa ukachanika hadi kwenye ule mkubwa.

Kioo kikawa chekundu.

"Dokta, presha inashuka," Kisa alisema.

"Naona."

"Inashuka kweli."

"Ongeza gesi ili kuzuia damu," mtambo ulishauri kwa sauti yake ya upole. Niliongeza. Nilijaribu kunyonya damu, kamera ikafunikwa tena. Mikono ya mtambo ina nguvu na haitetemeki, lakini haiwezi kuhisi. Haiwezi kuupapasa mshipa ndani ya dimbwi na kujua hapa ndipo.

Nilibonyeza spika ya ukumbi wa kungojea. "Lusajo. Baba yako anatoka damu. Nisipomfungua kwa mkono, anakufa."

Nyuma ya Lusajo nilisikia wazee wa ukoo wanaulizana kuna nini.

"Kauli ni ya baba," alisema.

"Najua ni ya nani. Nakuuliza wewe."

"Mama Ipyana, mimi siwezi kusema. Siwezi. Usiniulize mimi."

Nilizima. Nilimchukia mume wangu wakati ule, nasema wazi, na zaidi yake nilimchukia aliyelala upande wa pili. Alikuwa amesema asishikwe. Alikuwa na akili timamu, hakulazimishwa, na alijua mkono pekee uliobaki ni wangu. Ningeweza kukaa kwenye kiti changu na sheria ingenisifu. Chai yangu ilikuwa bado ina moto.

Nilipiga mlango wa vioo vyeusi teke nikaingia.

Mtu hufikiri kwamba ukimwona mkwe uliyekatazwa utaona kitu cha ajabu. Niliona nyayo mbili zimetoka nje ya shuka, kavu, zimepasuka visigino, na kidole gumba kilichopinda kama cha mwanangu Ipyana.

"Mgeuzeni chali. Toeni mikono ya mtambo. Kisa, damu yote uliyonayo."

"Dokta, kabati la visu limefungwa."

"Mtambo, fungua kabati."

"Kauli inakataza. Kuvunja kauli kunahitaji tamko. Taja jina lako na jina la mgonjwa ambaye kauli yake unaivunja. Kibali chako kitasimamishwa mara tu upasuaji utakapokwisha."

Kisa aliinua macho kutoka kwenye mashine yake. Yeye ni wa hapa. Alijua ninaombwa nini.

"Mimi, Nakijwa Mbonea, navunja kauli ya Asagwile Mwaikenda."

"Sijasikia vizuri jina la mgonjwa. Rudia kwa sauti."

"Asagwile Mwaikenda!" nilipiga kelele. "Asagwile! Fungua!"

Muuguzi alijishika mdomo. Kabati likafunguka.

Nilimkata kutoka upande mmoja wa mbavu hadi mwingine, jeraha la kizamani ambalo vijana wanalionea vitabuni tu. Gesi ilitoka kwa mkoromo na damu ikaifuata. Nikaingiza mkono. Nilipapasa, nikaupata mshipa mkubwa, nikaubana kwa kidole dhidi ya uti wa mgongo, na dimbwi likaacha kupanda. Chini ya kidole nilihisi ulimi wenyewe, mgumu kidogo, umelala ndani ya mshipa kama konokono. Hakuna mtambo ulionionyesha. Niliubana mshipa juu na chini yake, nikaupasua, nikauvuta ulimi mzima mzima, nikashona. Figo ikatoka na uvimbe wake.

"Mwili wake unapoa," Kisa alisema. "Na damu haigandi."

Hilo hutokea mtu akishamwaga nyingi. Kila nilipogusa palikuwa panavuja, na hakuna uzi wa kushona mahali panapovuja pote. Nikafanya kama tulivyofundishwa na waliotutangulia: nikajaza vitambaa pale figo ilipokuwa, nikavikandamiza, nikafunga tumbo kwa muda.

Taa ndogo juu ya mlango iligeuka kuwa nyekundu. Kibali changu kilikuwa kimesimamishwa, na vitambaa vyangu vilikuwa ndani ya mtu.

*

Kesho yake alasiri, mzee alipokuwa ameshatolewa mpira wa kupumulia, Fumbuka alinikuta kwenye ngazi.

"Umevunja kauli," alisema.

"Na wewe uliweka jina kwamba mshipa ni safi."

Alikohoa. "Hayo yatazungumzwa. Sasa vitambaa vinatolewaje? Vikikaa vinaoza."

"Vinatolewa kwa mkono. Kesho."

"Huna kibali."

"Sina."

"Kwa sheria, mgonjwa mwenyewe anaweza kukutaja kwenye kauli mpya. Basi. Hakuna njia nyingine." Alishusha sauti. "Bado ana dawa nyingi za maumivu. Tukimuuliza sasa hivi, hatabisha sana. Ataitikia tu."

Nilimtazama. Alikuwa anasema kwa wema wake wote, na hilo ndilo lililonitia hasira zaidi. "Mpunguzieni dawa," nilisema. "Mpaka awe na ubishi wake wote."

Saa ile ile nilijua kwamba nimemhukumu mzee maumivu, na pengine kifo. Lakini nilikuwa nimeshampokonya neno lake mara moja akiwa amelala. Kama ningempokonya tena akiwa macho, ningekuwa nimezoea.

Asubuhi iliyofuata walimwekea pazia, maana wazee wa ukoo walisisitiza, ingawa sikuelewa walikuwa wanaokoa nini. Mimi nilikaa upande mmoja, yeye kitandani upande mwingine. Lusajo alisimama mwisho wa pazia, mahali pa kutuona sote wawili, anafinya kofia yake. Kinasa sauti cha mtambo kilikuwa kimening'inia juu ya kitanda. Sheria inataka daktari atakayepasua ndiye aeleze.

"Mwambieni huyo..." mzee alianza, sauti kama ya mtu anayekwaruza sufuria. Kisha akasema, bila mtu wa katikati, "Wananiambia ulinitaja jina."

"Nilikutaja."

"Lote?"

"Lote. Mara mbili. Mara ya kwanza mtambo haukusikia."

Lusajo akatazama sakafu.

"Kauli yangu ulikuwa umeisikia."

"Niliisikia."

"Na neno la hata nikifa."

"Na hilo."

"Na ukanikata."

"Nikakukata."

"Kwa nini?"

Nilikuwa na majibu mazuri tayari. Ipyana, familia, kiapo cha udaktari. Yote yalikuwa ya kumridhisha Fumbuka. "Kwa sababu niliweza," nilisema.

"Hiyo si sababu. Hata mwizi anaweza."

Nilikasirika kwa sababu alikuwa amesema kweli. Nilikaa nayo kidogo, ikanichoma, kisha nikaendelea na kazi.

"Sikiliza, baba. Nimeacha vitambaa ndani yako, pale figo ilipokuwa. Vikibaki vitaoza na utakufa, na hakitakuwa kifo kizuri. Kuvitoa ni kukufungua tena palepale. Kwa matundu haiwezekani, vimeshikamana, vinataka vidole, na unaweza kuvuja tena ukafa mezani. Wa kuvitoa ni mimi tu. Safari hii sivunji. Ukisema hapana, nitakaa nje ya mlango huu mpaka ukate roho, na sitakugusa hata shuka."

"Nakijwa!" Lusajo alisema.

"Nyamaza, Lusajo," tulisema mimi na baba yake.

Mzee alijaribu kucheka, jeraha likamkamata, akaguna kwa maumivu. Nilisikia kitanda kikilia. Nilitaka kuinuka nimwongezee dawa na nilijikaza nisiinuke. Nilidhani hapo ndipo nitakapoishia, nimemwokoa mtu ili afe taratibu zaidi kwa heshima ya neno lake.

"Hicho kinasa kinasikia?" aliuliza.

"Kinasikia," alijibu Lusajo.

"Mimi Asagwile Mwaikenda, akili zangu ninazo, hawajanilewesha. Anifungue mke wa Lusajo." Alisita. Katika miaka yote hajawahi kulitamka jina langu, na nadhani alikuwa analitafuta. "Nakijwa Mbonea. Anifungue, atoe vitambaa vyake, anifunge. Nikiamka, namshitaki."

Kinasa kilitoa mlio mdogo. "Kauli imepokelewa. Kibali cha Nakijwa Mbonea kimerudishwa kwa upasuaji huu pekee. Sehemu ya mwisho ya kauli si ya kitabibu. Ifutwe?"

Lusajo alinyoosha mkono haraka kwenye kitufe. Alikuwa analia, na alitaka sana ifutwe.

"Iache," nilisema.

"Iache," mzee alisema upande wa pili, kwa mshangao, kana kwamba nimemwibia neno mdomoni. Kisha akaamuru, "Ondoeni hili pazia."

Hakuna aliyesogea, kwa hiyo nililivuta mwenyewe. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Macho yake yalianzia kwenye viatu vyangu vya hospitali yakapanda polepole mpaka usoni, yakakaa hapo, na sikuyakwepa.

"Kumbe mfupi," alisema.

Nikaenda kumwandalia chumba cha upasuaji.